Jicho la Jacob

Nyundo tuliiacha juu. Mkono wa kulia wa Justina tuliuacha chini, umelazwa kwenye jiwe la kufulia kando ya mfereji wa Mabogini, umekandamizwa na mwanamume aliyejifunga kanga usoni. Mwenye nyundo alikuwa Rogath, jirani yao wa Kirua, ambaye Justina alimjua tangu wakiwa wadogo wakiiba mapera pamoja.

Wewe uliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, sogea karibu, hujachelewa sana. Jioni ya siku hiyohiyo binti huyu alitakiwa kupanda ulingoni mjini Moshi, fainali ya ngumi za wanawake, Mashindano ya Taifa ya Michezo ya Ridhaa. Mpinzani wake alikuwa Hilda, dada yake Rogath. Sasa unajua kwa nini mkono ule ulikuwa juu ya jiwe.

Basi nyundo ikashuka.

Justina hakuuvuta mkono. Angeuvuta asingeupata, maana jamaa alikuwa ameukalia kwa uzito wake wote. Aliusukuma mbele, kuelekea kwa yule anayembana, na jiwe la kufulia halikosi utelezi. Jamaa akaserereka na mkono wake ukaja pale ulipokuwa mkono wa Justina.

Mfupa ulilia, lakini haukuwa wake. Jamaa alitazama vidole vyake vilivyosagwa, akasahau kazi aliyoitiwa, akakimbia kwenye majaruba ya mpunga huku akimwita mama yake.

Rogath akainua nyundo tena. Hakuwahi. Justina ni fundi wa kuchomelea, anashinda karakanani mtaa wa Pasua akinyanyua mageti ya chuma ambayo wanaume hunyanyua wawili wawili. Alimwingia chini ya kwapa, akamchapa mbavuni, akamchapa tena palepale, na Rogath alipoinama kutafuta pumzi akakutana na goti. Pua ikapasuka. Nyundo ikazama mferejini.

Watu wa kistaarabu wangeishia hapo. Justina alimshika kisogo, akamburuta mpaka kwenye jaruba, akamzamisha uso kwenye maji ya mpunga. Akamtoa.

"Dada yako ndiye kakutuma?"

"Hilda hajui," Rogath alitapika tope. "Hajui kitu, naapa."

Akamzamisha tena. Akamtoa.

"Nani kakutuma?"

"Wewe si ulitangaza? Ulisema redioni, watu wote wamesikia. Ulisema Hilda atatoka ulingoni amebebwa. Nikae nikungoje umuue?"

Alisema kweli. Justina alitangaza, na hakuwa anatania.

Miaka mitatu nyuma, mwaka wa ukame, familia hizi mbili zilipigana kwenye mfongo, ule mfereji wa zamani unaoteremsha maji kutoka msituni kwenda kwenye vihamba, yale mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba za watu. Kila nyumba ina zamu yake ya maji, na jioni ile kila mmoja alisema zamu ni yake. Zilitoka fimbo, zikatoka mapanga, giza likaingia katikati ya ugomvi. Ghafla Jacob, mdogo wake Justina, akapiga ukelele ulionyamazisha kila mtu. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwenda. Jacob alikuwa kipa, na wiki hiyohiyo alikuwa amechaguliwa timu ya vijana ya mkoa.

"Hilda kamtoboa mwanangu," Mzee Mathew, baba yao, alipiga kelele pale mfongoni. "Hilda na jiwe lake."

Hilda hakukana. Alirusha jiwe kweli, hata yeye alijua alirusha. Usiku uleule alishuka mlima akakimbilia Dar, na huko ndiko alikojifunza ngumi. Justina aliposikia habari hiyo alikwenda kwa kocha Khalid wa Majengo akamwambia, nifundishe na mimi. Polisi walikuwa wameshindwa, wazee walikuwa wameshindwa. Palibaki mahali pamoja tu Tanzania hii ambapo ungeweza kumpiga Hilda mpaka ashindwe kusimama na watu wakakupigia makofi.

Kwa hiyo alimzamisha Rogath mara nyingine, na safari hii hakuwa na swali la kumwuliza. Miguu ya Rogath ilirusha tope, ikapunguza, ikaanza kulegea.

"Mwachie."

Kocha Khalid alikuwa ameitupa pikipiki yake barabarani, anakuja mbio na suruali imelowa magotini. Alimbeba Justina kiunoni akamng'oa pale. Rogath alitambaa mpaka nchi kavu, akasimama, akaanguka, akasimama tena, akapotea kwenye migomba.

"Una akili wewe?" kocha alihema. "Unataka ufungwe kabla hujavaa glavu?"

"Alitaka kunivunja mkono, kocha."

"Na wewe ulitaka kumvunja nini, roho?"

Simu ya Justina ilikuwa inaita mfukoni mwa koti la kocha aliyekuwa akimtunzia, na aliyepiga alikuwa Jacob.

"Dada, panda nyumbani sasa hivi. Hilda yuko uani kwetu. Amepiga magoti. Ana isale."

Neno hilo kocha Khalid hakulielewa, kwa sababu yeye ni mtu wa mjini, babu zake walitoka Tanga na Unguja. Lakini muulize Mchagga yeyote. Isale ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba. Mtu aliyekukosea akija nalo amelifunga fundo, akakuomba msamaha, humkatai. Awe amekuibia, awe amekuchomea nyumba, hata awe amemwaga damu. Ukishalipokea, kesi imekwisha, na hakuna mtu wa nyumba yako atakayemnyanyulia mkono tena. Anayemnyanyulia anajitafutia laana yeye na watoto wake.

"Ananifunga mikono," Justina alisema. "Nyundo imeshindwa, sasa wanakuja na isale."

"Mwanangu, ngumi za ulingoni ni mchezo," kocha alijaribu. "Kuna mwamuzi, kuna pointi. Hayo ya jani yanaingiaje?"

"Kocha, washa pikipiki."

Walipanda Kirua kwa mwendo ambao trafiki angeuona angetupa kofia. Njia nzima Justina aliomba kitu kimoja, na si kitu cha kumwomba Mungu asubuhi: baba asiwe amelichukua.

Uani kulikuwa kimya. Hilda alikuwa amepiga magoti kati ya mibuni, amevaa koti la timu ya Dar es Salaam, mikono yote miwili imeshika jani lililofungwa fundo. Nyuma yake alisimama Shangazi Evelyn, mama mtu mzima wa ukoo wa kina Hilda, aliyekuja kumsindikiza kama desturi inavyotaka. Jacob aliegemea nguzo ya kibaraza, kofia imeshushwa upande wa kushoto. Na Mzee Mathew alisimama mbele ya wote, kama mtu aliyeitwa kwa hakimu.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," shangazi aliitikia peke yake.

Justina na Hilda walitazamana. Hawakuwa wamekaribiana hivi tangu mfongoni. Hilda alikuwa amekonda usoni na amejaa mabegani, na macho yalikuwa mekundu.

"Baba Jacob," Hilda aliendelea na maneno aliyokuwa ameyaanza, "nilirusha jiwe. Kulikuwa na giza, sikuona lilikokwenda, lakini nilirusha mimi. Mama yangu alikufa mwaka jana akazikwa hapo chini, mimi niko Dar sikuthubutu kuja kumtupia hata udongo. Nimechoka, baba. Nataka kurudi nyumbani. Nimekuja kwako na isale."

Akainyoosha mikono.

Hata mimi ninayewasimulia ningeipokea. Ungemwona yule msichana ungeipokea.

Mikono ya Mzee Mathew ilipanda nusu. Halafu ikashuka, akaipeleka nyuma ya mgongo, akaishikanisha huko.

"Siichukui."

Shangazi Evelyn alisogea, akamwita mzee kwa Kichagga. "Meku, umesemaje?"

"Nimesema siichukui. Aondoke nayo."

"Mathew, isale haikataliwi. Mimi nimezeeka kwenye mlima huu, sijaona mtu akiikataa isale. Walioua wamepokelewa. Huyu ni mtoto, umemwona anazaliwa."

"Aondoke, nimesema."

"Basi una jambo lako," shangazi alisema taratibu. "Mtu haikatai isale hivihivi. Sijui ni jambo gani, lakini unalo."

Mzee Mathew aliingia ndani akafunga mlango, mchana kweupe, wageni wamesimama uani.

Hilda alibaki na jani mkononi. Alilitazama kama mtu aliyepeleka barua akaambiwa mwenye nyumba amehama. Kisha akasimama, akapangusa magoti, na alipompita Justina akasema bila kumtazama: "Haya. Tutakutana jioni."

Justina hakuwahi kumpenda baba yake kama alivyompenda saa ile. Mzee wa kanisani, mzee wa ukoo, kavunja mila mbele ya shangazi wa watu ili binti yake awe huru kupiga. Ndivyo alivyoelewa. Na wengi wetu tungeelewa hivyohivyo, kwa sababu mtu akiwa na kiu kila kinachong'aa kwake ni maji.

"Umeona?" alimwambia Jacob. "Umeona baba alivyokupigania?"

"Mimi sikumwomba."

"Jicho lako lile, Jacob."

"Ndiyo, langu. Dada, mchezo cheza. Medali chukua. Lakini usimwumize."

"Yeye alikuonea huruma?"

Jacob alifungua mdomo. Akautazama mlango uliofungwa. Akaufunga mdomo.

Saa kumi ukumbi ulikuwa hauna pa kutia mguu. Manesi wa netiboli walikuja na filimbi zao, walimu wa wavu wa Dodoma walikuja na ngoma, wakulima wa kuvuta kamba wa Kahe walikuwa wamejipanga ukutani na jezi zenye jasho la asubuhi. Hakuna hata mmoja aliyelipwa kuja pale, na ndiyo maana kelele zao zilikuwa za kweli. Mzee Mathew aliketi safu ya mbele karibu na ulingo na Jacob pembeni yake. Jacob ndiye aliyemlazimisha aje. Mzee alikuwa amekaa na kofia magotini, hapigi makofi.

Kengele.

Justina alitoka kama fahali, na fahali siku zote hupigwa wa kwanza. Hilda alimkwepa, akamchomekea mkono wa kushoto, akamchomekea mwingine, kisha wa kulia ukaja kutoka mahali ambapo Justina hakutazama. Alijikuta amekaa. Mwamuzi anahesabu juu yake, na Dar es Salaam yote iliyokuwa ukumbini inahesabu naye.

Akasimama. Damu ilikuwa imejaa kinywani, akaimeza.

Raundi ile ilikuwa ya Hilda. Konani kocha Khalid alimwosha uso na kumwambia maneno mafupi.

"Una hasira. Hasira haina macho. Shusha kidevu, mfuate mwilini, atachoka."

"Nitamfuata usoni."

"Mwilini, Justina."

Raundi ya pili Justina alimfuata mwilini, kwa sababu hata akiwa na wazimu ni mwanafunzi mzuri. Alimbana kwenye kamba akamfanyia kazi mbavuni, ngumi fupi fupi za mtu anayepiga chuma kingali cha moto. Hilda akamkumbatia kupata pumzi. Kofia zao za kinga ziligusana.

"Ukishiba uniambie," Hilda alinong'ona. "Piga mpaka ushibe. Halafu niruhusu nirudi nyumbani."

Pengine mtu mwingine angelainika. Justina maneno yale yalimwingia kama pilipili kwenye kidonda. Jacob naye nani alimwuliza kama ameshiba? Alimsukuma Hilda, na alipomwachanisha na kamba alijua sasa anapiga wapi. Jicho la kushoto.

Alilipiga mara ya kwanza, Hilda akarudi nyuma. Akalipiga tena. Kengele ilipolia lilikuwa limevimba hadi kope hazionekani. Daktari wa mashindano alipanda, akammulika, akamwuliza Hilda kama anaona. Hilda akasema anaona. Alidanganya, na daktari akamruhusu.

"Unaongoza," kocha Khalid alisema kwa sauti ya chini. Hakuonekana kufurahi. "Dhahabu unayo. Raundi hii zunguka tu, gusa, toka. Nimeona unachokifanya, na mimi sikukufundisha hicho."

"Kocha, nipe kinga ya meno."

"Justina, nitatupa taulo."

"Ukitupa taulo sitakujua tena."

Alimpa kinga ya meno. Kocha Khalid atajutia jambo hilo maisha yake yote, na ninamwonea huruma, kwa sababu ni mtu mwema.

Raundi ya tatu haikuwa ndondi. Hilda alikuwa hauoni upande wa kushoto, na Justina alikuja kutoka upande huohuo kila mara, anapiga palepale. Damu iliruka hadi kwenye shati la mwamuzi. Manesi wa netiboli waliacha filimbi. Mwamuzi alimwonya Justina kwa kupiga baada ya amri ya kuachana, akamkata pointi, na Justina hakujali. Kofia ya kinga ya Hilda ilikuwa imelegea, mkanda unaning'inia shingoni.

Katikati ya kelele ilisikika sauti moja ikitokea safu ya mbele.

"Justina. Basi. Basi, mwanangu."

Justina alitambua sauti ya baba yake, lakini maneno yalizama kwenye kelele. Akadhani anamshangilia.

Ngumi ya mwisho ilikuwa ya kulia, ule mkono ulionusurika asubuhi Mabogini. Hilda aliinuka kidogo kwenye vidole vya miguu, kofia ikamvuka, akaanguka chali, na kisogo kikagonga chuma cha kona kabla hakijafika chini.

Mwamuzi hakuhesabu. Alipiga magoti akapunga mikono yote miwili kumwita daktari.

Hakuna aliyeshangilia. Justina alisimama katikati ya ulingo akingoja ile raha aliyoisubiri kwa miaka mitatu. Alingoja. Alichokisikia ni mikono yake kuuma, na daktari akisema, "Hilda, unanisikia? Hilda." Na Hilda hakuwa anasikia.

Machela ilipanda. Ndipo Mzee Mathew alipoinuka kitini mwake, akapita kati ya wasimamizi kama hawapo, akapanda ngazi za ulingo akashika kamba.

"Si yeye," alisema.

"Baba?"

"Si yeye aliyemtoboa Jacob." Sauti yake haikuwa kubwa, lakini ukumbi ulikuwa umekufa kimya na kila aliye karibu alisikia. "Ni mimi. Nilikuwa na fimbo ya chuma ile ya kuzibulia mfongo. Nilimlenga Rogath kichwani, Rogath akainama. Jacob alikuwa nyuma yake."

Justina alisikia maneno mojamoja. Hayakuungana haraka.

"Ulisema jiwe. Ulipiga kelele, ukasema Hilda na jiwe lake."

"Nilisema. Nilikuwa nimelishika jicho la mwanangu mkononi, nikasema neno la kwanza lililokuja. Kesho yake nikataka kulirudisha, watu walikuwa wameshalibeba, wewe mwenyewe ulikuwa umeshalibeba. Miaka ikapita nikiwa nalo."

"Na asubuhi? Isale uliikataa kwa nini?"

"Ningeipokeaje?" Mzee alianza kulia, na hakujificha. "Isale hupokelewa na aliyekosewa. Mimi nimsamehe yule mtoto kosa langu mwenyewe? Mkono ungekauka, Justina. Nyumba yote ingekauka. Niliogopa kuichukua, nikaogopa na kusema."

"Ukaniacha nipande huku."

"Nilidhani utashinda tu. Nilidhani utashinda, wakuvishe medali, uridhike, tuishie hapo. Ngumi za michezo, mwanangu. Sikujua utafanya hivi."

Akageuka. Jacob alikuwa amemfuata, amesimama chini ya ngazi, kofia ameivua. Lile shimo la jicho lilikuwa wazi mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jacob, baba yangu," Mzee Mathew alisema, kama wazee wanavyowaita watoto wao wanapokuwa hawana kitu kingine cha kuwapa. "Kulikuwa na giza. Sikukuona."

"Najua," Jacob alisema. "Mimi nilikuona. Wakati ule nilikuwa bado na macho mawili."

Mzee Mathew alishika kamba ya ulingo kwa mikono yote miwili.

"Ulijua?"

"Tangu siku ileile. Nikawa nangoja useme. Kila Jumapili tukienda kanisani nikawa nasema, leo atasema." Akamtazama dada yake. "Leo asubuhi nilitaka nikuambie mimi. Nikasema ngoja, pengine mzee atatoka pale mlangoni. Mimi pia nimemwua Hilda, dada. Tumemwua wote."

"Hajafa," daktari alisema kwa ukali. "Nipisheni. Hajafa bado."

Machela ilishushwa. Mkono mmoja wa Hilda ulining'inia nje, bado una glavu, na alipopitishwa mbele ya kona yake mwenyewe kulikuwa na mtu amesimama pale. Pua yake ilikuwa imefungwa bandeji. Tope la Mabogini lilikuwa limemkaukia kwenye nywele.

Hakuna aliyemwona Rogath akiingia. Lakini alikuwa amesikia yote, kuanzia fimbo ya chuma mpaka Jumapili za kanisani. Alimtazama dada yake akipita. Akainama, akachukua stuli ya chuma ambayo Hilda alikuwa akiikalia kati ya raundi, akaikunja miguu, akapanda ulingoni.

Hakukimbia. Alitembea kandokando ya kamba kuelekea kwa Mzee Mathew, na stuli imeshikwa kama shoka.

"Mama yangu alikufa akimlilia Hilda," alisema. "Majirani walikataa kuonja hata pombe yetu ya mbege. Mzee, mimi sina isale."

Mzee Mathew naye hakukimbia. Aliachia kamba, akaingia ulingoni, akasimama wima. Kocha Khalid alikuwa upande wa pili na machela, anapiga kelele askari waitwe. Jacob alikuwa chini, ngazi zimezibwa na watu. Kati ya Rogath na yule mzee alibaki mtu mmoja tu, amevaa glavu zilizolowa damu isiyo yake. Asubuhi alikuwa amemshinda Rogath huyuhuyu mwenye nyundo mkononi. Angeweza kumshinda tena bila hata kuvuta pumzi.

"Pisha, Justina," Rogath alisema.

Justina alimtazama baba yake. Alimtazama muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama.

Akapisha.